Herufi Bubu na Barua Nilizoziandika: Upatanisho wa Yambwa, Paris hadi Bonga

Katika kanuni zote za sarufi ya Kifaransa, hakuna inayolaaniwa na wanafunzi kama ile ya upatanisho wa participe passé. Wenyewe huiita "ile ya kuongeza e". Mtu amesoma miaka yake mitatu, anaongea Kifaransa kinachoeleweka, gazeti analimaliza bila kamusi. Lakini mpe imla ya aya moja tu, utaona kalamu imesimama hewani. Niweke e? Niweke s? Niweke zote mbili, au niache hivi hivi? Mwishowe anapiga ramli, na ramli, kama tujuavyo, haina alama.

Makala haya yana dai moja. Kanuni hiyo si ngeni kwetu kama tunavyofundishwa kuamini. Msemaji wa Kiswahili hufanya jambo linalofanana nayo sana kila anapofungua kinywa, na msemaji wa Kigorowa kule Bonga hufanya zaidi ya hapo. Tofauti ni kwamba kwetu upatanisho unasikika, ilhali kwa Mfaransa, mara nyingi, unaonekana tu karatasini. Tofauti hiyo ina uzito kwa mhakiki wa fasihi, na ndiyo sababu nimeileta kwenye kurasa hizi badala ya kuwaachia wanaisimu peke yao.

Tuanze na kanuni yenyewe. Umbo tunalolizungumzia, ambalo hapa nitaliita umbo timilifu, ni lile linaloambatana na kitenzi kisaidizi avoir (kuwa na) au être (kuwa) ili kuunda wakati uliopita. Likiwa na être, halina taabu kubwa: linapatana na kiima. Il est parti, elle est partie, elles sont parties. Mwanamume ameondoka, mwanamke ameondoka, wanawake wameondoka. Mwanafunzi hulimeza hili kwa sababu linafanana na kivumishi.

Balaa liko kwa avoir. Hapo umbo timilifu halijali kiima hata kidogo. Linaitazama yambwa tendwa, na linaitazama kwa sharti moja: yambwa hiyo iwe imetangulia. J'ai écrit les lettres: nimeandika barua. Barua ziko nyuma ya kitenzi, basi écrit inabaki kavu. Lakini les lettres que j'ai écrites: barua nilizoziandika. Barua zimetangulia, na kwa kuwa lettre ni nomino ya kike na iko katika wingi, inaongezwa -es. Vivyo hivyo je les ai écrites, nimeziandika, kwa sababu ile les inayosimama badala ya barua imekaa mbele ya kitenzi.

Mwanafunzi huuliza: kwa nini mahali pa neno pabadilishe umbo la neno jingine? Ni nani aliyekaa akabuni ukorofi huu?

Hebu basi tutazame Kiswahili, pole pole. Tunasema "nimeandika barua". Hakuna kitu ndani ya kitenzi kinachozitaja barua. Kina kiima, kina njeo, kina mzizi, basi. Sasa zitangulize barua: "barua nimeziandika". Mara -zi- imeingia! Jaribu kuiondoa: "barua, nimeandika". Inawezekana kusikika kwa mtu mwenye haraka, au anayejibu kwa mkazo kwamba ni barua aliyoandika na si kitabu, lakini kama barua tulikuwa tumeshazitaja na sasa tunasema habari zake, sikio linaidai ile -zi-. Angalia pia kirejeshi: "barua nilizoandika", "barua ambazo nimeziandika". Hapo -zo- ni lazima, na wengi huongeza -zi- juu yake wakasema "nilizoziandika". Yaani yambwa ikiwa mbele, kitenzi chetu kinaikumbuka. Ikiwa nyuma, na ikiwa kitu cha kawaida kisicho na uhai wala hakijatajwa, kitenzi kinanyamaza.

Sasa ziweke sentensi mbili za Kifaransa na mbili za Kiswahili ubavu kwa ubavu. J'ai écrit les lettres, nimeandika barua. Les lettres, je les ai écrites, barua nimeziandika. Ni tabia ileile. Aliyelelewa na Kiswahili anayo kanuni ya Marot mdomoni kabla hajaanza darasa la kwanza. (Huyo Marot tutamfikia.)

Lakini msikimbilie kushangilia. Mfanano una mipaka, na hapo kwenye mipaka ndipo makosa ya wanafunzi wetu yanapozaliwa.

Kwanza, Kiswahili hakiangalii mahali tu. Kinaangalia pia uhai na ujulikanaji. "Nimemwona mwalimu" ina -mw- ingawa mwalimu yuko nyuma, kwa kuwa ni mtu. "Nimezisoma zile barua" ina -zi- kwa kuwa barua zinajulikana, ni zile tulizozisema jana. Mfaransa hana habari na haya: mwalimu awe mwalimu, malkia awe malkia, akikaa nyuma ya kitenzi umbo timilifu halimwamkii. Mwanafunzi anayeandika j'ai vue Marie hakosei kwa uvivu. Anafikiri kwa Kiswahili, "nimemwona Maria", na Kiswahili kinamwambia kwamba mtu hapitwi bila kutajwa.

Pili, kuna mtego wa kupa na kuambia. Kwetu, kitenzi chenye watendwa wawili humpa nafasi yule anayepokea. "Nimewapa wasichana vitabu": -wa- ni wasichana, si vitabu. Huwezi kusema "nimevipa wasichana vitabu" watu wakakuelewa. Kifaransa kinakwenda kinyume. Anayepokea ni yambwa tendewa, na yambwa tendewa haina haki ya upatanisho hata ikitangulia: je leur ai donné des livres, hakuna s wala e. Lakini les livres que je leur ai donnés, pana s, kwa sababu ya vitabu. Mwanafunzi anayeandika je leur ai données akiwa na wasichana akilini ametafsiri -wa- ya "nimewapa" kwa uaminifu mkubwa. Angekuwa ameambiwa mapema kwamba Kiswahili humpendelea mpokeaji na Kifaransa humpendelea kinachopokelewa, asingepoteza alama hiyo. Siku hizi mtu anafundishwa orodha ya vitenzi akariri. Kukariri si vibaya, ila orodha yenyewe haina mwisho!

Mtego huohuo uko kwa vitenzi vya kujitendea na kutendana. Elles se sont vues, wameonana, ina -es kwa sababu mmoja alimwona mwingine. Elles se sont parlé, wamezungumza wao kwa wao, haina kitu, kwa kuwa Mfaransa husema "kuzungumza kwa mtu". Elle s'est lavée, amejiosha. Lakini elle s'est lavé les mains, amenawa mikono, haina e, kwani kilichooshwa ni mikono nayo iko nyuma. Itangulize mikono, les mains qu'elle s'est lavées, upatanisho unarudi mbio. Kuna nyingine wanazipenda watunga mitihani: la femme que j'ai entendue chanter na la chanson que j'ai entendu chanter. Mwanamke alisikika akiimba, kwa hiyo anapewa e. Wimbo haukuimba, uliimbwa, kwa hiyo haupewi. Kusema kweli hapa hata mimi naona watu wamekwenda mbali mno.

Sasa twende Bonga. Ni kata ya Babati Mjini, mkoani Manyara (mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002), kwenye barabara inayoshuka Kondoa hadi Dodoma. Ni nchi ya Wagorowa, majirani wa Warangi, Wambugwe na Wairaqw. Kigorowa si Kibantu. Ni Kikushi cha kusini, pamoja na Kiiraqw, Kialagwa na Kiburunge. Mtoto wa huko anapofika shuleni huambiwa aache "kilugha" mlangoni, na akiwa na bahati mbaya huambiwa kabisa kwamba kilugha hakina sarufi. Kauli hiyo tumeisikia wengi wetu, kila mmoja kwa lugha yake.

Sarufi ipo, na mwanafunzi wa Kifaransa angeitambua mara moja. Katika Kiiraqw, ambacho Maarten Mous alikiandikia sarufi nzima iliyotoka mwaka 1993, na katika Kigorowa, ambacho Andrew Harvey alikichunguza katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 2018, nomino zina jinsi tatu za kisarufi. Kabla ya kitenzi kikuu hukaa kijineno kifupi kinachobeba habari nyingi: nani anatenda, ni lini, na kinachotendwa ni cha jinsi gani. Irabu ndiyo hueleza hilo la mwisho. Ikiwa mtendwa ni wa jinsi ya kiume husikika u, ikiwa ni ya kike husikika a, na ikiwa ni ile ya tatu husikika i. Kwa hiyo mtu wa Bonga anaposema ameleta kitu, mara nyingi jinsi ya kitu hicho imeshatamkwa kabla kitenzi chenyewe hakijafika. Tena jinsi ya nomino katika wingi inaweza kutofautiana na ile ya umoja, na bado watoto wa miaka minne hawakosei.

Linganisha basi. Mfaransa ana jinsi mbili, nasi wa Kiswahili tuna ngeli zisizojali kike wala kiume, ilhali Mgorowa ana jinsi na pia ana kitenzi kinachompatia mtendwa alama yake. Kati ya watatu hawa, aliye karibu zaidi na écrites ni mwana wa Bonga. Mwalimu wa Kifaransa atakayemkuta darasani akamwambia "kanuni hii huna kwenu, ikariri" atakuwa amefunga dirisha lililokuwa wazi.

Je, Wafaransa waliipata wapi? Asili yake ni Kilatini cha watu wa kawaida. Habeo litteras scriptas: ninazo barua zilizoandikwa. Hapo scriptas ni kivumishi cha barua, na upatanisho wake ni wa haki kabisa, sawasawa na "zilizo-" yetu. Polepole "ninazo barua zilizoandikwa" ikageuka kuwa "nimeandika barua", na kivumishi kikameza maana ya kitenzi. (Hata -me- yetu ni mabaki ya kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza, lugha hupenda kuchinja vitenzi vizima ili zipate viambishi.) Katika Kifaransa cha kale waandishi walisitasita, mara wanapatanisha, mara hawapatanishi. Ndipo katika karne ya 16 mshairi Clément Marot, aliyekuwa ameishi Italia na kukipenda Kiitaliano, akatunga shairi la kuwafundisha wanafunzi wake kwamba neno lililotangulia ndilo linalotawala. Vaugelas naye alilishughulikia suala hilo katika kitabu chake cha mwaka 1647, na kutoka hapo likaingia shuleni likawa sheria. Voltaire husingiziwa utani kwamba Marot alirudi kutoka Italia na mizigo miwili, ugonjwa wa zinaa na upatanisho huu, na kwamba huu wa pili ndio uliodhuru zaidi. Iwe alisema au hakusema, utani umeishi kwa sababu watu wameuhitaji.

Serikali nayo imejaribu kulegeza kamba. Tarehe 31 Julai 1900 waziri Georges Leygues alitoa amri ya kuruhusu umbo timilifu lenye avoir libaki bila kubadilika katika mitihani. Akademia ya Ufaransa ikapiga kelele, na amri ya pili ya tarehe 26 Februari 1901 ikabakiza nafasi finyu tu. Mwaka 1976 ikaja orodha nyingine ya kuvumiliana. Mwaka 1990 marekebisho ya tahajia yakapendekeza kwamba laissé ikifuatwa na kitenzi kingine isibadilike kamwe. Mnamo Septemba 2018 walimu wawili wa zamani wa Ubelgiji, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, wakaandika katika gazeti la Libération kwamba ni wakati wa kuiacha kabisa: lenye avoir lisibadilike popote. Ugomvi uliofuata ungedhani wamependekeza kuuza mnara wa Eiffel.

Hoja ya walimu wale ina nguvu, na nguvu yake iko masikioni. Maumbo mengi huishia kwa é, i au u, na ukiyaongezea e au s hakuna kinachosikika: fermé, fermée, fermés, fermées ni sauti moja. Ni machache tu yanayofichua siri kwa konsonanti: écrit na écrite, pris na prise, ouvert na ouverte. Na hata hapo Wafaransa wenyewe, tena wasomi, mara nyingi husema la lettre que j'ai écrit bila kugutuka. Upatanisho usiosikika ni vigumu kuurithi kwa mama. Lazima ufundishwe kwa fimbo. Wa kwetu hurithiwa, na bado unaweza kupungua. Kiswahili cha mjini Lubumbashi, kwa mfano, kimepunguza sana upatanisho wa ngeli, na watu wanapendana, wanagombana na kufanya biashara kama kawaida.

Kwa upande wa mitihani, basi, mimi niko pamoja na Wabelgiji. Lakini sisi hapa ni watu wa fasihi, na kwa mhakiki ile herufi bubu si mzigo mtupu.

Chukua sentensi fupi ya Kiswahili: "ameniacha". Nani ameacha? Hatujui kama ni mwanamume au mwanamke. Nani ameachwa? Hatujui vilevile. Taarabu imeishi juu ya fumbo hili. Mtunzi anaweza kuwa mwanamume, mwimbaji akawa mwanamke, na kila msikilizaji ukumbini akajiona ndiye aliyetajwa, au jirani yake. Mpe sasa mfasiri wa Kifaransa kazi hiyo. Il m'a quittée: mwanamume amemwacha mwanamke. Elle m'a quitté: mwanamke amemwacha mwanamume. Kiwakilishi kinamfunga kwa upande wa mtendaji, na ile m', ambayo ni yambwa iliyotangulia, inamfunga kwa upande wa mtendwa. Hana pa kujificha. Au tuseme, hana pa kujificha karatasini. Jukwaani quitté na quittée ni sauti moja, kwa hiyo mwimbaji wa Kifaransa anafaidi nusu ya fumbo letu, mradi asichapishe maneno ya wimbo.

Wapo waandishi walioipiga kanuni hii mieleka makusudi. Mwaka 1986 Anne Garréta alitoa riwaya yake Sphinx, simulizi ya mapenzi ambamo jinsia ya msimulizi na ya mpenzi wake, anayeitwa A*** tu, haifichuliwi mwanzo hadi mwisho. Fikiria kazi aliyojitwika. Msimulizi wa nafsi ya kwanza hawezi kusema je suis allé wala je suis allée, kwani herufi moja ingebomoa jengo zima. Ikabidi aegemee njeo nyingine za kale na za kifahari ambazo hazina umbo timilifu, na ukale huo wa lugha ukawa ndio sauti ya riwaya. Yaani mtindo mzima umezaliwa na juhudi ya kuikwepa e. Sasa itafsiri kwa Kiswahili: "nilikwenda". Basi, kwisha kazi! Mfasiri hatatoka hata jasho, na msomaji wetu hatajua kwamba palikuwa na mlima uliopandwa. Ingebidi aambiwe katika utangulizi, na jambo la kuambiwa katika utangulizi haliwezi kuwa sawa na jambo la kulionja katika kila ukurasa.

Kinyume chake ni riwaya ya Mariama Bâ ya mwaka 1979, Une si longue lettre, inayosomwa kwa Kiswahili kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye, aliyefiwa na mume, anamwandikia rafiki yake Aissatou. Mwandishi wa barua ni mwanamke, mwandikiwa ni mwanamke, na Kifaransa kinatia alama ya kike kila mmoja wao anapokuwa kiima cha être au yambwa iliyotangulia avoir. Macho ya msomaji yanazoea zile e kiasi kwamba ukurasa wenyewe unakuwa chumba cha wanawake wawili. Kwa Kiswahili zote zinaanguka. Hata hivyo sisi tuna neno eda, na neno hilo likitajwa, kila msomaji wa pwani na bara anaona mwanamke ameketi ndani akihesabu siku. Neno moja limelipa sehemu ya deni. Sehemu tu, kwa sababu eda inamtaja mwandishi na kumwacha rafiki, ilhali herufi zilizopotea zilikuwa za wote wawili.

Bado haijaulizwa vya kutosha kazi kama hizo zingesikikaje zikipitia Kigorowa, ambacho kingeurudisha upatanisho wa mtendwa kwa sauti kabisa, u, a au i, hadi kwa asiyejua kusoma. Mfasiri wa kutoka Bonga angelazimika kuchagua irabu pale ambapo sisi tunanyamaza na Mfaransa anaandika bila kutamka.